Tenda ya Zanzibar

Ndugu msomaji, ukiona neno tenda hapo juu usidhani tunakuletea habari za zabuni, bahasha zilizofungwa kwa lakiri na wakubwa wanaotaka chao. Tenda tunayoizungumzia ni lile gari fupi linalofungwa mara tu nyuma ya injini ya moshi, lenye makaa juu na maji tumboni. Wafanyakazi wa reli kule kwetu waliliita hivyo hivyo, wakaliingiza katika Kiswahili chao pamoja na fayamani, gadi na stesheni. Baba yetu alikuwa fayamani Tabora, katika siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na alikuwa akituambia kwamba abiria huitazama injini lakini fayamani huitazama tenda, kwa sababu humo ndimo mlimo chakula cha safari. Maji yakipungua ndani ya boila mpaka paa la tanuri likabaki kavu, hiyo si injini tena, ni bomu.

Tenda ya habari hii ni ndogo, inaenea kwenye kiganja cha mkono. Lakini ilitufedhehesha watu wazima, na tumeona tuandike ili aibu hiyo imfae mwingine.

Tulikuwa watu wanne, sasa tumebaki watatu, wakazi wa Leicester na vitongoji vyake, hapa katikati ya Uingereza. Mmoja ni wa Kisumu, mmoja wa Jinja, mmoja ni huyu anayeshika kalamu, wa Tabora, na wa nne alikuwa Maalim, mtu wa Unguja, aliyetuzidi sote umri. Tangu mwaka 2011 tumekuwa tukikutana Jumamosi moja kila mwezi katika gereji ya mwenzetu wa Jinja. Gereji hiyo haijapata kulaza gari hata usiku mmoja, maana imejaa meza, na juu ya meza kuna reli. Wake zetu wanatuita watoto wakongwe. Hatubishi.

Kilichotukutanisha ni majina. Kati ya mwaka 1934 na 1936 kampuni ya reli ya London, Midland and Scottish iliunda injini 191 za namna moja, chini ya mhandisi wake mkuu William Stanier. Mwaka 1935 Mfalme George wa Tano alitimiza miaka 25 ya ufalme, injini moja ikapewa jina la Silver Jubilee, na ukoo mzima ukaitwa Jubilee. Nyingi zilipewa majina ya nchi zilizokuwa chini ya bendera ya Waingereza. Humo, pamoja na Jamaica na Nigeria na Shelisheli, walikuwamo jamaa zetu wanne: Kenya namba 45613, Tanganyika namba 45631, Uganda namba 45636 na Zanzibar namba 45638. Namba hizo ni za baada ya reli kutaifishwa mwaka 1948. Jubilee zilikuwa zikipita hapa hapa Leicester, katika njia ya kutoka London St Pancras kwenda Derby, Sheffield na Leeds.

Injini za mwisho za ukoo huo ziliondolewa kazini mwaka 1967. Zilizohifadhiwa ni nne tu: Kolhapur, Bahamas, Leander na Galatea. Zetu zote nne zilikatwa vipande zikauzwa vyuma chakavu. Basi tukakubaliana kwamba kila mmoja atengeneze injini ya kwao, kwa kipimo cha moja kwa 76, na siku moja zote nne zisimame katika stesheni moja.

Mwenzetu wa Kisumu aliwahi kuuliza kama si ajabu, watu wa nchi huru kuhangaika na injini zilizopewa majina na wakoloni. Maalim ndiye aliyejibu. Alisema, "Jina ni letu. Wao walilikopa tu wakaliandika kwenye bati. Sasa sisi tunalirudisha."

Maalim alikuwa mwalimu wa hesabu maisha yake yote, na mtu wa kisiwa ambacho leo hakina reli hata futi moja. Lakini alipenda kutukumbusha kwamba Unguja iliwahi kuwa na garimoshi lake, lililoanza mwaka 1905, likienda kutoka mjini hadi Bububu, maili saba. Babu yake alilipanda. Tulipomtania kwamba Zanzibar haina haki ya kuwa na injini, alikuwa akituhesabia hizo maili saba kwa vidole, moja baada ya moja, mpaka tunyamaze.

Injini yake aliinunua katika soko la mitumba, ndani ya boksi lisilo na kifuniko, kwa bei isiyozidi ya samaki na chipsi za watu wawili. Ilikuwa rahisi kwa sababu moja: haikuwa na tenda. Mwenye kuiuza hakujua ilikopotelea. Injini ilitembea vizuri, mota yake ilikuwa ndani ya injini yenyewe, lakini nyuma ya kibanda cha dereva hapakuwa na kitu. Maalim hakuhuzunika. Alisema, "Tenda nitaiunda mwenyewe."

Ikamchukua miezi mitano. Mwili aliukata kutoka katika mkebe wa maziwa kwa mkasi wa bati, akaukunja juu ya ukingo wa meza ya jikoni, akaulehemu pembeni. Magurudumu sita aliyatoa kwenye gari jingine lililovunjika. Juu alitia makaa ya mawe ya kweli, aliyoyaponda kwa nyundo ndani ya soksi. Alipoileta gereji, Jumamosi moja ya mwaka 2019, alikuwa ameifunga ndani ya leso. Aliiweka mezani akarudi nyuma hatua moja, kama mwanafunzi aliyekwisha kukabidhi daftari lake.

Hapa lazima tueleze sheria tuliyojiwekea. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila injini ivute tenda ya aina ileile iliyokuwa ikiivuta mwaka 1958. Hilo si jambo jepesi. Jubilee zilivuta tenda za aina zaidi ya moja. Kulikuwa na ile ya zamani, ya wakati wa mhandisi Fowler, iliyobeba galoni 3,500 za maji, karibu lita 16,000, na tani tano na nusu za makaa. Hiyo ilikuwa nyembamba kuliko kibanda cha dereva, hata ukiitazama unaona kama mtu mnene aliyevaa suruali ya mdogo wake. Halafu kulikuwa na ile kubwa ya Stanier, ya galoni 4,000, yaani lita 18,000 na ziada, na tani tisa za makaa, ambayo pande zake zimepinda juu kufuata umbo la kibanda. Namna rahisi ya kuzitofautisha ni magurudumu. Katika ile ya Fowler, toka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho ni futi 13. Katika ile ya Stanier ni futi 15. Kwa kipimo chetu ni milimita 52 na milimita 60.

Sisi tuliosomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu cha hapa Uingereza, wenye shahada ukutani, ndio tuliokuwa wa kwanza kuchomoa kalipa mfukoni. Hatukuisifu, hatukuuliza aliikunjaje ile pembe bila kuipasua. Tulipima. Milimita 52.

Tukamwambia kwamba hii ni tenda ndogo. Picha ya Zanzibar tuliyokuwa nayo sisi imepigwa kwa mbele, na mvuke umeifunika yote iliyoko nyuma, hivyo picha haikutoa ushahidi wowote. Lakini tulitoa hukumu kwa wingi: Jubilee nyingi zilivuta tenda kubwa, basi na ya Zanzibar iwe kubwa. Tukaongeza kwamba sakafu iko chini mno, na rangi ya kijani si yenyewe.

Maalim alitutazama kwa miwani yake akauliza, "Reli ya kweli hapa Uingereza ina upana gani?"

Tukajibu, futi 4 na inchi 8 na nusu.

"Kwa kipimo chenu cha milimita nne kwa futi, hiyo ni ngapi?"

Mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu. Tukakokotoa: milimita 18.83.

"Na reli hizi zilizo mezani?"

Milimita 16.5. Ndivyo zilivyo reli za watu wengi nchini humu wenye mchezo huu. Kosa la tangu zamani lililozoeleka.

"Basi," akasema, "njia nzima ni nyembamba kwa milimita mbili na ushei, nyinyi mnapita juu yake miaka minane hamsemi kitu. Mimi mnanikamata kwa tenda."

Tulicheka sana. Naye alicheka. Na sisi tukadhani yamekwisha hapo.

Mwezi uliofuata tukachanga fedha, tukamnunulia tenda mpya ya badala, kubwa, ya Stanier, ndani ya boksi lake lenye dirisha la plastiki. Tulimkabidhi mbele ya chai na mandazi. Tulijiona watu wema. Akasema ahsanteni, Mungu awazidishie, akaiweka kwenye mkoba wake pamoja na ile ya mkebe. Tangu siku hiyo hakuileta tena Zanzibar. Tukimwuliza alisema bado anaifanyia kazi. Mwaka 2020 ikaja korona, gereji ikafungwa, na tulipofungua tena macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Alikuwa akija kukaa na kusikiliza. Januari mwaka 2024 Maalim alifariki dunia.

Baada ya siku za matanga mjane wake alitupigia simu. Alikuwa akijiandaa kurudi Unguja kwa jumla mwezi wa nane, kuishi kwa binti yake. Alisema, "Wanangu, kuna treni ya Maalim hapa. Nataka niichukue, mjukuu aione inatembea. Lakini haitembei. Naomba mje muitazame."

Tulikwenda watatu. Akatutolea boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na injini, kijani na safi, jina la Zanzibar likisomeka ubavuni. Mlikuwa na tenda ya mkebe. Na chini kabisa mlikuwa na ile tenda yetu mpya, ndani ya boksi lake, utepe wa kiwandani haujakatwa.

Hatukusema kitu. Yeye ndiye aliyesema, kwa upole, bila kutulaumu, na ndiyo maana maneno yake yalituingia. "Ile mpya hakupata kuifungua. Siku mliyompa alirudi akakaa hapo kwenye kiti, akaniambia: wenzangu wamenisitiri."

Anayejua Kiswahili cha pwani anajua uzito wa neno hilo. Husitiriwa mwenye aibu. Sisi tulidhani tumempa zawadi, kumbe tulimfunika kama mtu aliyetoka uchi. Na tulifanya hivyo kwa jambo ambalo wenyewe hatukuwa na hakika nalo.

Tuliibeba Zanzibar mpaka gereji. Swali lilikuwa moja: tuifunge tenda ipi? Ile mpya ingechukua robo saa. Ina tundu lake, ina kiungo chake, urefu wake ni sahihi. Ya mkebe haikuwa hata na kiungo kinachofaa. Mlikuwa na waya mmoja tu uliopindwa mithili ya ndoano.

Mwenzetu wa Jinja alitaka mpya, akisema bibi ameomba treni inayotembea, hakuomba kumbukumbu. Mwenzetu wa Kisumu, ambaye kwa kawaida husema tu kwamba injini kubwa za Kenya hazikuhitaji tenda, safari hii alisema jambo jingine. Ni kweli kwamba zile Garratt za daraja la 59, 34 kwa jumla, zilizoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, zilibeba maji na mafuta yake juu ya injini yenyewe, mbele na nyuma, na moja yake, Mount Gelai, iko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Hilo tumelisikia mara elfu. Lakini siku hiyo alituuliza: "Injini ikienda karakana kwa matengenezo makubwa, ilikuwa ikirudi na tenda yake?"

Si lazima, na sisi tulikuwa tunalijua jibu hilo tangu zamani. Matengenezo ya boila huchukua muda mrefu kuliko matengenezo ya tangi la maji. Injini iliyo tayari haikusubiri tenda yake. Ilifungiwa iliyo tayari. Tenda zilikuwa na namba zake zenyewe, kwenye vibati vyake, mbali na namba za injini. Injini za Royal Scot za kampuni hiyohiyo zilivuliwa tenda ndogo za Fowler, zikapewa kubwa zilizoundiwa Jubilee, na Jubilee zikabaki na zile ndogo. Ndiyo maana wajuzi wa mchezo huu hawasemi injini fulani ilikuwa na tenda fulani. Wanasema siku fulani, katika picha fulani. Nasi hatukuwa na picha. Tulikuwa na wingi wa kura tu. Tenda ya milimita 52 haikuwa kosa. Kosa lilikuwa ni hakika yetu.

Basi tukaifanyia kazi ya mkebe. Tutaeleza kazi yenyewe, kwa kuwa huenda msomaji fulani ana injini isiyo na tenda kabatini.

Kwanza tuliigeuza juu chini. Ndani yake, kwa ajili ya uzito, Maalim alikuwa amebandika sarafu za senti tano za Tanzania, zile za zamani zenye picha ya samaki. Zilikuwa kumi na mbili, na zote amezirundika nyuma. Tenda nyepesi huruka reli, hilo alilijua. Lakini uzito ukikaa nyuma tu, magurudumu ya mbele yanaelea na kwenye kona yanapanda ukingo wa reli. Tulizibandua tukazipanga upya katikati, zote kumi na mbili. Hatukutoa hata moja. Kisha ekseli ya kati tuliitanulia matundu kwa tupa ndogo, ipate kupanda na kushuka nusu milimita, kwa sababu magurudumu sita yaliyokazwa sawasawa juu ya reli isiyo sawasawa ni kama meza ya miguu sita kwenye sakafu ya udongo.

Pili, sakafu. Ni kweli ilikuwa chini kuliko sakafu ya kibanda kwa milimita moja na nusu. Tulipenyeza washa mbili za plastiki baina ya mwili na fremu, ikapanda. Katika injini ya kweli kuna kibati kinachoziba mwanya uliopo hapo, fayamani apate kusimama na koleo lake. Baba yetu alikuwa na kovu mguuni la kibati hicho. Tulikikata kutoka katika mabaki ya mkebe uleule, tukakitia bawaba ya waya.

Tatu, umbali. Kila mtu hupenda tenda ikae karibu na injini, maana hivyo ndivyo zilivyokuwa. Lakini reli ya kweli hupinda pole pole, na kona za mezani ni kali. Zetu zina nusu kipenyo cha milimita 438. Tenda ikikaa karibu mno, pembe yake inaligonga kibanda na injini inatoka njiani. Dawa yake ni kiungo chenye matundu mawili, moja la kuonyesha kabatini, jingine la kutembelea.

Hapo kwenye kiungo ndipo tulipoujua ukweli wote. Ile ndoano ya waya ya Maalim ilikuwa na doa jeusi kwenye ncha yake, doa la cheche. Tulilitazama tukaelewa. Injini zetu hutembea kwa umeme wa volti 12, unaopita katika reli mbili, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili. Injini hii ni ya zamani, na fremu yake ya chuma imeungana na reli ya kulia. Tenda ya kiwandani ni ya plastiki, haina neno. Lakini mkebe wa maziwa ni chuma, ekseli zake ni chuma, na magurudumu aliyoyapata Maalim yametengwa na ekseli upande mmoja tu. Mkebe mzima ulikuwa umeungana na reli ya kushoto. Alipozifunga pamoja kwa waya, chanya na hasi zilikutana, cheche ikaruka, kila kitu kikazimika.

Kwa hiyo Maalim alikuwa amejaribu. Huenda alijaribu usiku, mara nyingi, bila kujua kwa nini injini inayotembea peke yake inakufa ikipewa tenda. Jibu lake ni la dakika kumi kwa mtu yeyote aliyesomea mambo haya, na watatu kama hao tulikuwa tukinywa naye chai kila mwezi. Hakutuuliza. Angetuulizaje, hali tulikwisha kumwambia aitupe?

Tulikaa kimya kwa muda. Mwenzetu wa Jinja, aliyetaka tenda mpya, ndiye aliyesimama akaenda kutafuta kitu kisichopitisha umeme. Akarudi na kadi ngumu ya plastiki, moja ya zile kadi za kupigia simu nyumbani tulizokuwa tukinunua madukani zamani, unakwangua namba na unaongea mpaka sauti ya mwanamke ikuambie imebaki dakika moja. Tulikata kipande cha milimita 22 kwa 5, tukatoboa matundu. Cheche ikakoma.

Na tuliona jambo jingine. Kwa kuwa mkebe wote umeungana na reli ya kushoto, tulilehemu waya mwembamba kutoka ndani ya tenda, tukaupitisha chini ya kibati hadi kwenye mota, upande wake unaohusika. Sasa magurudumu ya tenda yanasaidia kukusanya umeme. Injini hizi za zamani hushtuka-shtuka zikipita mahali reli ilipochafuka. Zanzibar haishtuki tena. Tenda ile mpya, kwa uzuri wake wote, haina waya na isingefanya hivyo. Rangi hatukuigusa. Kijani cha Maalim kimebaki kijani cha Maalim.

Jumamosi ya mwisho ya Julai mwaka 2024 mjane alikuja gereji pamoja na mjukuu wa miaka kumi. Tulikuwa tumeziweka zote nne katika stesheni: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa miaka yote ile tulikuwa tukiisubiri Zanzibar. Kijana akapewa swichi. Injini ikaondoka pole pole, ikapita kona ya dirishani, mahali palipotutia hofu, ikapita, ikarudi upande wa pili na mabehewa matatu.

Bibi aliiinamia akaitazama nyuma. "Huu si mkebe wangu wa maziwa?" akauliza. "Niliutafuta wiki nzima kuutilia vifungo."

Tukamwambia ndio, ni huo.

"Basi alimaliza," akasema.

Tulitaka kumwambia kweli, kwamba tumemalizia sisi, na kwa nini. Mwandishi huyu alianza kusema. Yeye akainua mkono, si kwa hasira, akaendelea kuangalia treni. Tukaelewa kwamba anajua. Tulimwomba radhi hata hivyo, na tunaiomba tena hapa, kwa maandishi. Alisema Maalim hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, ila alikuwa mtu wa kukumbuka. Kisha akauliza kama mandazi yapo.

Zanzibar sasa iko Unguja, juu ya kabati la vyombo, na mjukuu alipelekewa duara dogo la reli aitandaze sakafuni wakati wa likizo. Ile tenda mpya bado iko kwetu, mama hakuitaka. Mwenzetu wa Jinja aliwahi kuomba aifungie Uganda yake. Tumemkatalia kwa sasa. Iko kwenye rafu ya gereji, na utepe wake.

Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja kutoka Morogoro, mwanafunzi, akaleta behewa alilolichonga kwa mbao za sanduku la matunda. Kwa macho tu tuliona ni pana mno. Tulimvutia kiti, tukamwuliza mbao amezipata wapi na kisu alikinoa kwa nini. Alizungumza karibu saa nzima. Kalipa ilikuwa kwenye droo.